Bei Iko Wapi? Vidokezo 9 vya Kuifanya Biashara Ndogo Ionekane Mitandaoni

Dada mmoja wa Tabata anayeshona madera aliwahi kunipa simu yake akaniambia, "Hebu niangalizie, mbona siuzi?" Ukurasa wake wa Instagram ulikuwa unapendeza. Vitambaa vizuri, mishono safi, na komenti hazikuwa haba. Nikaanza kuzisoma moja baada ya nyingine. Karibu zote zilikuwa neno moja: "Bei?" Na chini ya kila moja yeye alikuwa amejibu, "Karibu inbox, mpenzi." Nikamuuliza, kati ya hawa wote, wangapi walikuja huko inbox? Akafikiri kidogo. Wawili.

Watu walikuwa wanamwona kila siku, na kila siku wanampita. Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri wa kutangaza biashara mtandaoni, kabla ya video na muziki namwambia ajibu maswali manne ya mteja bila kusubiri kuulizwa: unauza nini, kwa bei gani, uko wapi, na mzigo utanifikiaje. Mengi ya yaliyo hapa chini yanatokana na hayo manne.

1. Andika bei

Najua sababu za kuificha, nimezisikia zote. Ya kwanza ni kwamba washindani wataiona. Ndugu yangu, mshindani wako anaijua bei yako tangu juzi; alimtuma mtu akaulize. Ya pili ni kwamba bei hubadilika. Basi andika "kuanzia 25,000", na mzigo mpya ukija na bei mpya, hariri maelezo. Ni kazi ya dakika moja. Ya tatu ndiyo yenye uzito: wengi wanaamini mteja akishafika inbox watamshawishi. Hilo lina ukweli pale Kariakoo, mteja akiwa amesimama mbele yako, ameshika kitambaa, na umemvutia kiti. Kwenye simu hana kiti. Ana kurasa nyingine ishirini anazoweza kufungua kabla hujamjibu "karibu".

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalioni. Mtu mwenye elfu kumi na tano mfukoni anaona haya kuuliza bei ya gauni asilojua kama ni la elfu ishirini au elfu themanini. Atanyamaza, atapita. Akiikuta bei imeandikwa, atapiga hesabu zake kimyakimya na kusubiri mshahara, na siku ya kununua atakukumbuka wewe. Kama unakubali kupunguza, andika "maelewano yapo", halafu yawepo kweli.

Bei ya rejareja na ya jumla ziandike zote mbili. Mwenye duka la Dodoma au Songea anayetafuta pa kuchukulia mzigo hatauliza mara mbili.

2. Jina liwe la kutamkika

Mpigie rafiki simu, mtajie jina la ukurasa wako mara moja tu, umwambie alitafute. Kama imebidi umtajie herufi mojamoja, mistari ya chini na tarakimu za mwishoni, jina hilo litakupotezea wateja wanaoelekezwa kwa mdomo, na hao ndio wateja bora. Tumia jina hilohilo Instagram, TikTok, Facebook na kwenye bango la dukani. Kabla hujachora bango, angalia kwanza BRELA, wakala wa usajili wa majina ya biashara, kama jina halijasajiliwa na mwingine.

Maelezo ya juu ya ukurasa wa Instagram yana nafasi ya herufi 150 tu. Misemo mizuri na maua vinaila nafasi hiyo. Andika: "Madera na vitenge. Tabata Segerea. Tunatuma mikoani," kisha weka namba ya WhatsApp. Na kwenye ile sehemu ya jina, ongeza neno la bidhaa na la mahali, maana mtu anapotafuta "madera Tabata" mtandao unasoma hapo.

3. Mlangoni, asubuhi

Picha nzuri haihitaji kamera ya gharama. Sogeza bidhaa karibu na mlango au dirisha wakati wa asubuhi, zima taa ya ndani inayoleta umanjano, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Futa kweli, simu ya mfanyabiashara inakaa na jasho na mafuta ya kupikia, na picha nyingi zenye ukungu chanzo chake ni hicho.

Nguo ivaliwe na mtu. Chungu kiwe na mkono wa mtu pembeni, ukubwa ujulikane. Khanga ioneshe pindo na maandishi yake, kwa sababu kuna mteja anayeinunua kwa ajili ya maneno hayo tu. Rangi usizichezee kwa programu za kupamba picha. Mteja wa Mwanza aliyeona zambarau, akapokea kahawia, hatanunua tena, na atawaambia wenzake kwenye kikoba.

4. WhatsApp ndilo duka lenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo fedha zilipo. Instagram na TikTok zinawaleta wageni. Mauzo yanakamilika WhatsApp. Pakua WhatsApp Business, ambayo ipo tangu 2018 na haina malipo. Ina orodha ya bidhaa unayoweza kuijaza picha na bei, ina saa za kazi, ina mahali pa kuweka anwani kwenye ramani, na ina ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa umelala au upo msibani. Ujumbe huo uandike kama unavyoongea: "Asante kwa kutufikia. Tunafungua saa 2 asubuhi. Bei zote zipo kwenye orodha yetu, karibu uangalie."

Kisha fahamu jambo hili ambalo limewakwamisha wengi: ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu, orodha inayofika watu 256, utawafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Hata status yako inaonwa na wale mliohifadhiana namba. Kwa hiyo kila mauzo yaishe kwa ombi dogo: "Naomba unisevu, nikipata mzigo mpya uuone status." Liandike kwenye kikaratasi unachofunga pamoja na bidhaa. Wateja mia waliokusevu wana faida kuliko wafuasi elfu kumi wasiokujua.

Status hudumu saa 24. Usimwage picha arobaini kwa mpigo. Mtu akiona vile vistari vimekuwa nukta, anaruka. Tano zinatosha: moja ya bidhaa mpya, moja ya mzigo unaosafirishwa, moja ya mteja aliyefurahi, na mbili za kurudia bei na mahali ulipo. Na usimuingize mtu kwenye kundi la biashara bila kumuomba. Kufanya hivyo ni kumfungia mtu chumbani.

5. Onesha mikono ikifanya kazi

Video ya sekunde ishirini ya mkasi ukikata kitenge, au ya maandazi yakiumuka kwenye mafuta, inatazamwa zaidi ya picha ya bidhaa iliyokamilika, na mtu yeyote mwenye karakana au jiko anayo malighafi hiyo bure kila siku. Sekunde za mwanzo zioneshe jambo lenyewe. Salamu ndefu na nembo inayozunguka vinamlia mtu bando. Weka maandishi juu ya video, kwani wengi wanatazama wakiwa ndani ya daladala, sauti wameizima.

Ongea Kiswahili chako cha kawaida. Mteja wako wa Temeke hakuja kusikia matangazo ya redio.

6. Fuata kalenda ya mteja

Anayeanza kuposti nguo za Idi mwezi ukiwa umeandama amechelewa. Mafundi wamefunga kupokea oda na mteja ameshanunua kwingine. Nguo za Idi zianze kuonekana kabla Ramadhani haijaingia. Sare na mabegi ya shule, Desemba katikati, wazazi wenye kujipanga wakiwa bado na chochote, kwa kuwa Januari kila shilingi ina mwenyewe. Vitambaa vya send-off na kitchen party, miezi miwili kabla, maana kamati huchagua rangi mapema.

Ndani ya mwezi kuna kalenda nyingine: tarehe za mishahara. Bidhaa ya gharama itangaze kuanzia tarehe 23 hivi. Katikati ya mwezi tangaza vitu vidogo.

7. Jina la Lipa Namba lifanane na jina la duka

Watu wameibiwa sana kwa simu. Kila Mtanzania amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa hiyo mteja akitaka kulipa, akaona ukurasa unaitwa hivi na jina linalotokea kwenye malipo ni la mtu mwingine kabisa, mkono unasita, na ana haki. Chukua Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu, yenye jina la duka. Kama bado unatumia namba yako binafsi, andika wazi kwenye ukurasa jina litakalotokea.

Oda za mikoani zioneshe hatua kwa hatua: mzigo unafungwa, mzigo upo kituo cha mabasi, risiti ya basi imepigwa picha huku namba za mteja zimefunikwa. Picha ya mteja mwenyewe usiiposti bila ruhusa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata pasingekuwa na sheria, adabu ingetosha.

Mteja akilalamika hadharani, mjibu hadharani, kwa upole, na useme utafanya nini na lini. Usifute komenti. Mimi huwa nasoma malalamiko kabla ya sifa, na jibu zuri chini ya lawama limenifanya ninunue mara kadhaa.

8. Fedha ya tangazo ije mwisho

Tangazo la kulipia la Facebook na Instagram linakuruhusu kuchagua mji, umri na kiasi cha fedha kwa siku, kwa hiyo anza na kiasi ambacho hata kikipotea utalala usingizi. Lipia posti ambayo tayari imeleta maswali yenyewe, na iwe na bei. Kulipia posti isiyo na bei ni kununua komenti za "Bei?".

Kununua wafuasi wa bandia usithubutu. Hawali, hawavai, hawanunui. Kama una bajeti ya kumlipa mtu maarufu, kwanza jaribu kumpa bidhaa mtu anayeaminika mtaani kwenu: msusi, mpishi wa shughuli, mwalimu wa madrasa au wa Sunday school. Maneno yao yanafika mbali.

9. Funga mlango

Weka tarakimu sita za ulinzi kwenye WhatsApp na hatua ya pili ya uhakiki kwenye Instagram. Ujumbe wenye namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mtoa huduma. Barua pepe uliyofungulia akaunti iwe yako, ya kwako mwenyewe na si ya kijana aliyekufungulia ukurasa kisha akahama mji. Nimewaona wanaopoteza kurasa walizozijenga miaka mitano kwa kosa hilo tu.

Yule dada wa Tabata alianza na bei. Aliketi jioni moja akaandika bei chini ya kila dera, akaongeza mahali alipo na siku anazotuma mikoani. Komenti zilipungua, nilitegemea hivyo, maana swali lililokuwa likiulizwa lilikuwa limejibiwa. Ujumbe wa WhatsApp ndio ulioongezeka, na wengi walianza kwa "Nataka ile ya 30,000."

Usiku wa leo, mpe simu mtu asiyeijua biashara yako. Mwambie atafute ukurasa wako, kisha ndani ya dakika moja akutajie bidhaa moja, bei yake, ulipo, na namba ya kukupigia. Pale atakapokwama, anzia hapo kesho asubuhi.