Kufunga Mashine Nyuma ya Mashua

Wenye vyombo hutaja pande zote za chombo kwa majina: mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mashua nyingi zimekatwa nyuma, na hapo umesimamishwa ubao mpana, ndio ubao wa tezi. Katika ubao huo hufungwa kishikizo cha chuma cha kuchukua mashine.

Asiyejua hudhani kwamba kishikizo huchukua uzito tu. Uzito si haba, maana mashine ya nguvu za farasi 15 yaweza kufika kilo 40 au 50. Lakini liko la kuzidi uzito. Rafadha ikizunguka majini husukuma mguu wa mashine kwenda mbele, na kishikizo hugeuka kama mtaimbo: chini hugandamiza ubao, juu hutaka kung'oka. Ndiyo sababu misumari haifai kabisa, hata iwe mirefu. Msumari hushikwa kwa kubanwa na mti tu, na mtikisiko huulegeza siku kwa siku, mwenye chombo asione, mpaka siku ya mawimbi.

Fundi mwenye akili huanza na ubao wenyewe. Huugonga kwa nyundo ndogo: mti mzima hulia, mti uliooza hutoa sauti nzito. Ubao uliooza haufungwi kitu. Ukiwa mzima, huongeza ndani ubao wa pili, wa mti mgumu kama mvule, upana wake upite kishikizo, ili nguvu ienee. Kisha hutoboa kwa keekee mbao zote mbili na kupitisha bolti. Ndani huweka bamba la chuma, nati zisije zikazama katika mti. Kila tundu hupakwa kwanza dawa ya kuzuia maji, kwani maji yakiingia humo, mti huoza pasipoonekana. Baharini bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kimo nacho hupimwa. Bamba bapa lililo juu ya rafadha lilingane na upande wa chini wa mashua, au lishuke kwa upana wa kidole gumba. Likiwa juu mno, rafadha huvuta hewa, ikapiga kelele bila kusukuma.

Mwisho hufungwa mnyororo kutoka mashine mpaka pete iliyo katika mataruma, si katika ubao wa tezi. Wengine huucheka mnyororo huo, nao ndio wanaopoteza mashine. Baada ya safari ya kwanza bolti zikazwe tena, kwa kuwa mti hubonyea.