Kufundisha Historia ya Vilindi vya Bahari: Somo la Bildi na Sanduku

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, tuliwahi kuketi nyuma ya Darasa la Sita ambamo watoto walikuwa wakipima kina cha shimo kwa kamba. Mtoto mmoja, ambaye kamba yake ilikuwa fupi, aliandika: "Haikufika." Mwalimu mwanafunzi alilikata jibu hilo kwa wino mwekundu, akamwagiza aandike namba. Mtoto akatii, akabuni namba. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini historia ya elimu ya bahari yatuonyesha kwamba kulikata neno "haikufika" ni kosa kubwa.

Maelezo kwa mwalimu

Katika mwaka 1841 na 1842, Edward Forbes, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alikokota wavu kwenye sakafu ya Bahari ya Aegean, kati ya Ugiriki na Uturuki. Aliona kwamba kadiri alivyozidi kwenda chini, ndivyo viumbe walivyopungua. Wavu wake haukupita pima 230 hivi. Hata hivyo alikata shauri kwamba chini ya pima 300, yaani mita 550 hivi, hakuna uhai. Wengi walimwamini, kwani huko ni giza, baridi na mgandamizo mkubwa wa maji. Lakini mahali palipostahili "sikufika" paliandikwa "hakuna".

Mwaka 1869 Charles Wyville Thomson na wenzake, wakiwa katika meli Porcupine, walipandisha viumbe hai kutoka kina cha zaidi ya mita 4,000. Ndipo ikatumwa meli Challenger, iliyosafiri tangu Desemba 1872 hadi Mei 1876, mwendo wa zaidi ya kilometa 120,000, ikisimama katika vituo 362. Kamba ya katani yenye uzito ilishushwa chini, kazi iliyochukua saa nyingi. Tarehe 23 Machi 1875, magharibi ya Bahari ya Pasifiki, ilipimwa pima 4,475, yaani mita 8,184.

Hata hivyo, kati ya kituo na kituo palibaki mamia ya kilometa yasiyopimwa. Meli ya Kijerumani Meteor, mwaka 1925 hadi 1927, ilitumia mwangwi badala ya kamba, ikapima Atlantiki ya Kusini mara maelfu mengi. Palipodhaniwa kuwa tambarare pakaonekana milima na mabonde. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka wenyewe katika chombo Trieste hadi chini ya Mfereji wa Mariana, karibu mita 11,000. Na hadi leo sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haijapimwa kwa ukaribu.

Vifaa

Sanduku lenye kina cha sentimeta 40, mawe na udongo, karatasi ngumu ya kulifunika, yenye matundu 8 katika mstari mmoja, na bildi. Watoto wa pwani huenda wanaijua bildi ya mabaharia; wa bara waelezwe kuwa ni risasi iliyofungwa kambani. Msumari mzito wafaa. Kamba itiwe alama kila sentimeta, nayo iwe ya sentimeta 30 tu.

Kabla ya kipindi, mwalimu ajenge kilima chini ya tundu la 2 na la 3, na chini ya tundu la 6 aache shimo lisilofikiwa na kamba.

Hatua za somo

1. Watoto wapime tundu la 1, la 4 na la 8 tu, kisha wachore sakafu ubaoni. Itaonekana karibu sawa.

2. Wapime matundu yote na kuchora upya. Kilima kitajitokeza.

3. Katika tundu la 6 mwalimu anyamaze. Aulize tu: "Tuandike nini?" Wengine watasema 30, wengine watasema hakuna chini. Mtoto atakayesema "haikufika" aeleze sababu yake mbele ya wenzake.

4. Hapo ndipo kisa cha Forbes na Challenger kisimuliwe. Kikitangulia, watoto watakikariri, kikifuata, watakielewa.

5. Sanduku lifunuliwe mwishoni.

Maswali

(a) Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, kina ni mita ngapi? (Ni 3,000. Anayejibu 6,000 amesahau kwamba sauti ilikwenda na kurudi.)

(b) Forbes angeandika nini ili asikosee?

Katika andalio la somo hili, shabaha isiwe kukumbuka tarehe. Shabaha ni mtoto aweze kutofautisha kisichokuwapo na kile ambacho hatujakifikia. Naye mwalimu akiulizwa asilolijua, na aseme mbele ya darasa: "Hapo kamba yangu haijafika." Hatavunjiwa heshima kwa neno hilo.