Somo la Lishe: Rojo la Kuchovya, Ili Watoto Wale Mboga

Katika masomo yetu tumezungumza mara nyingi juu ya aina tatu za vyakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Chati yake tumeibandika ukutani mpaka rangi imepauka. Lakini siku moja mama wa kikundi alituuliza swali lililotunyamazisha. Alisema, "Mwalimu, hiyo chati mimi nimeishika yote kichwani. Ni mtoto ndiye haijui. Nikimpa ugali na sukuma wiki anamaliza ugali, mboga anaisukuma kando ya sahani kama takataka. Sasa nifanyeje?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumewafundisha akina mama chakula kinachofaa kupikwa, hatukuwafundisha namna ya kukifikisha ndani ya tumbo la mtoto wa miaka 3 ambaye amefunga mdomo. Somo la leo ni kuhusu hilo.

Kwanza tusidhani ni jambo la mchezo. Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kutoona vizuri giza linapoingia. Jioni anajikwaa kwenye viti, anapapasa ukuta, na nyumbani wanasema ni mzembe. Asiposaidiwa macho hukauka, na anaweza kuwa kipofu kabisa. Tena surua na kuhara humshika vibaya kuliko mwenzake. Matone ya vitamini A ambayo watoto hupewa kila baada ya miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5, ni msaada mkubwa na usikose kumpeleka. Lakini matone hayo hayachukui nafasi ya mboga za kila siku. Na mboga za majani zina mengine zaidi, yakiwemo madini ya chuma ambayo mwili unayahitaji kutengeneza damu.

Sasa, kwa nini mtoto anakataa? Mara nyingi si ukaidi. Ulimi wa mtoto husikia uchungu kuliko wetu sisi watu wazima, na mnavu au saga ni chungu kweli. Bibi zetu huko magharibi mwa Kenya walijua, ndiyo maana walizilaza mboga hizo kwenye maziwa. Sababu ya pili ni upishi wetu. Tunachemsha sukuma mpaka inakuwa kama kamba iliyolowa, wengine wanaongeza magadi, na magadi huharibu vitamini. Ya tatu ni fimbo. Mtoto akichapwa kwa sababu ya kabeji, basi kabeji na fimbo ataviweka fungu moja, na hapo umejifungia mlango mwenyewe.

Tulianza kuangalia watoto wanapenda kula vipi, tukaona jambo rahisi: mtoto yeyote anapenda kuchovya. Atachovya mandazi kwenye chai, chapati kwenye mchuzi, hata kidole kwenye sukari ukigeuka. Anapenda kwa sababu anafanya kwa mkono wake mwenyewe. Basi tukasema, tumpe kitu kizuri cha kuchovyea, halafu kinachochovywa kiwe mboga.

Rojo lenyewe tunalitengeneza kwa maharagwe na njugu karanga, vitu vya shambani au vya soko la karibu. Unahitaji maharagwe yaliyoiva vikombe 2, njugu nusu kikombe, ndimu 1 kubwa au limau, kitunguu saumu punje 1 tu, chumvi kidogo sana, na dhania ukiwa nayo.

Maharagwe makavu yaloweke usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Yachemshe kwa maji mengine, moto mkali, yatokote kwa dakika 10 kamili au zaidi kabla ya kupunguza moto. Usiruke hatua hii. Maharagwe mekundu yasiyoiva sawasawa yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Endelea kupika mpaka yapondeke kwa vidole viwili bila nguvu, na maji yake usimwage yote, utayahitaji. Njugu zikaange kavu kwenye sufuria ukikoroga kwa mwiko, zisiungue, zipoe, kisha ziparaze maganda kwa viganja na kuzipeta. Zitwange kwenye kinu. Mwanzoni utapata unga. Usichoke, endelea kutwanga mpaka mafuta yaanze kutoka na unga ushikamane kama uji mzito. Hapo ongeza kitunguu saumu, kisha maharagwe kidogo kidogo, ndimu, chumvi, na maji ya maharagwe kijiko baada ya kijiko, mpaka rojo liwe laini lakini lisimwagike kutoka kwenye kijiko. Dhania iliyokatwakatwa inaingia mwisho. Mwenye blenda na stima atumie, lakini kinu kinatosha kabisa.

Juu ya kitunguu saumu tuna ushuhuda. Siku ya kwanza kuonyesha somo hili, tuliweka punje 4 kwa sababu sisi wenyewe tunakipenda. Mtoto wa kwanza alionja, akatutazama, akatema kwenye leso ya mama yake. Wa pili hakukubali hata kukaribia. Tukarudi jikoni tumeinamisha vichwa. Basi punje 1, na kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja usitie kabisa, wala chumvi.

Msidhani rojo hili ni hila tu ya kumdanganya mtoto. Karoti za rangi ya machungwa na mboga za majani ya kijani zina asili ya vitamini A, lakini mwili hauwezi kuichukua vizuri bila mafuta kidogo. Njugu zinaleta mafuta hayo. Ndimu nayo inasaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga. Kwa hiyo karoti iliyochovywa inamfaa mtoto kuliko karoti aliyoila peke yake.

Cha kuchovya kiwe nini? Karoti, tango, pilipili hoho, mishiri iliyochemshwa dakika chache tu ibaki ya kijani, vipande vya boga, viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Kata virefu kama kidole cha mtoto. Majani hayachovyeki vizuri, tumejaribu. Badala yake chemsha mchicha au majani ya kunde kwa muda mfupi, kamua maji, twanga pamoja na rojo. Litakuwa la kijani na watoto watauliza maswali. Waambie ukweli kwamba ni mchicha. Ukimficha na akagundua, hata rojo lenyewe atalikataa.

Hapa tuwe waangalifu. Mtoto aliye chini ya miaka 4 asipewe karoti mbichi ngumu, inaweza kumkaba. Ichemshe mpaka ilainike. Njugu nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5 hata akilia, zilizotwangwa laini ndizo salama. Mara ya kwanza mpe rojo kidogo tu, ukae naye. Midomo au uso ukivimba, au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja, na njugu asipewe tena. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na pakiwa na kipindupindu eneo lenu, pika kila kitu.

Chagua njugu kwa mikono. Iliyonyauka, yenye rangi nyeusi au yenye ukungu, itupe, na kuku pia asipewe. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu ya ukungu, aflatoksini. Sumu hiyo hiyo huingia kwenye njugu zilizohifadhiwa na unyevu, na haiondoki kwa kukaangwa. Kwa hiyo ukinunua njugu zilizokwisha sagwa, ujue hukuona zilikuwaje kabla ya kusagwa.

Usitarajie muujiza siku ya kwanza. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 8, mara 10, hata zaidi, kabla ya kukizoea. Weka bakuli katikati, weka mboga, kisha wewe uchovye na kula. Usimsifu kupita kiasi, usimtishe, usimwahidi soda. Na baba pia akae hapo achovye. Baba akisema "mimi si sungura" mbele ya watoto, kazi ya mama ya wiki nzima imekwisha. Rojo liliwe siku hiyo hiyo kama hamna friji, maana maharagwe huchacha upesi kwenye joto.

Yule mama aliyetuuliza swali alirudi baada ya wiki kadhaa. Mtoto wake anakula boga na karoti kwa rojo, na sasa anadai kushika mchi yeye mwenyewe. Sukuma wiki bado anaisukuma kando. Tumemwambia asichoke, aikate nyembamba, aikaange kwa muda mfupi na nyanya, na kijiko kimoja cha rojo juu yake. Tunangoja habari.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni mboga gani mtoto wako anaikataa, na uliwahi kumpikia kwa njia ngapi?
2. Wiki iliyopita ulitumia pesa ngapi kwa krisps na soda? Pesa hizo zingenunua njugu kilo ngapi?
3. Katika eneo lenu hakuna njugu. Je, simsim au parachichi vinapatikana? Jaribuni, mlete bakuli moja mkutano ujao tuonje pamoja.