Tufani: Kwa Nini Hutufikia Mara Chache

Ndugu wanachama,

Wengi wetu tumesikia kwa wazee khabari ya tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Upepo uling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na vyombo vingi vikavunjika bandarini. Pemba ilisalimika, na baadaye ikashika uongozi wa karafuu hata leo. Watu hutuuliza: bahari yetu ina joto kila mwaka, mbona tufani hazitujii kila mwaka?

Jibu ni kwamba joto peke yake halitoshi. Yapasa mambo matatu yakutane.

La kwanza ni hilo joto. Maji yatakiwa yafikie digrii 26 na nusu au zaidi, tena joto liende chini kiasi cha mita 50. Mvuke wake ndio chakula cha tufani. Ikiingia nchi kavu chakula hukatika, nayo hudhoofika. Kusi ikishika, maji yetu hupoa.

La pili ni mzunguko wa dunia, ambao huupinda upepo hata ukazunguka kama pia. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo, na ni nadra tufani kuzaliwa chini ya digrii 5. Pemba iko kwenye digrii ya 5 kusini, Unguja ya 6. Hiyo ndiyo kinga yetu kubwa. Wakulima wenzetu wa karafuu wa Madagaska, Bukini ya wazee, wako kusini zaidi, nao hupigwa mara kwa mara.

La tatu ni pepo za juu. Zikienda kwa nguvu kinyume cha pepo za chini, wingu hukatwa kichwa na tufani haisimami.

Lakini kinga si ngome. Aprili 1952 tufani iliipiga Lindi. Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia, watu wakidhani msimu umekwisha. Bahari ya Hindi yazidi kupata joto, na wataalamu hawatazamii hasa tufani nyingi zaidi, bali kali zaidi, zenye mvua kubwa zaidi.

Mkarafuu hulelewa miaka mingi kabla ya kuzaa, na huanguka kwa saa moja. Basi tupande miche kila mwaka, shamba lisiwe la rika moja. Tusikate miti ikingayo upepo. Na tusikilize matangazo ya hali ya hewa mpaka Mei iishe. Tahadhari kabla ya hatari.

Wasalaam,
Katibu wa Chama