Ulemavu wa Viungo na Udereva: Kipimo Kwanza, Ada Baadaye

Kwa mkazi mwenye ulemavu wa viungo, safari ya kwenda hospitali, sokoni au kazini mara nyingi hutegemea hisani ya mtu mwingine: kondakta atakayekubali kupakia kiti mwendo, au ndugu atakayepata nafasi siku hiyo. Ndiyo maana swali la iwapo mtu huyo anaweza kujifunza kuendesha gari si swali la anasa. Kwa aina nyingi za ulemavu wa viungo jibu ni ndiyo, ilimradi gari lichaguliwe kulingana na mwili wa dereva na hatua zifuatwe kwa mpangilio wake. Anayeanza kwa kulipa ada, kisha akagundua kuwa chuo kina magari asiyoweza kuyaendesha, hupoteza fedha na moyo kwa pamoja.

Sheria inasemaje

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ibara ya 20 ya Mkataba huo inazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kusafiri kwa kujitegemea kadiri inavyowezekana. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kwa upande wake, inalinda watumiaji wote wa barabara: mwombaji wa leseni hana budi kueleza ugonjwa au ulemavu unaoweza kuufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma.

Misingi hii miwili haipingani. Mmoja unakataza mtu kuhukumiwa kwa umbile lake. Mwingine unataka uwezo wake uthibitishwe. Kwa hiyo hali ya mwili ielezwe wazi tangu mwanzo. Anayeificha ili apate leseni kwa wepesi hujiweka pabaya, kwani ajali ikitokea, maelezo yasiyo ya kweli yanaweza kumgharimu mbele ya mahakama na mbele ya kampuni ya bima.

Mwili na gari: nini kinabadilika

Gari la gia za kawaida lina pedali tatu: klachi, breki na mafuta. Gari la otomatiki lina mbili tu, breki na mafuta, na zote hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Tofauti hiyo moja hutatua mengi.

Asiye na mguu wa kushoto, au ambaye mguu huo umedhoofu, anaweza kuendesha gari la otomatiki bila kubadilisha chochote.

Asiye na mguu wa kulia anahitaji pedali ya mafuta iliyofungwa upande wa kushoto wa breki, na ile ya asili ifunikwe ili isiguswe kwa bahati mbaya. Kuupitisha mguu wa kushoto juu ya breki ili kufikia mafuta ni hatari, kwa kuwa mwili hukaa upande na mguu huchelewa kurudi kwenye breki. Pedali ya ziada inayokunjika ni bora zaidi, kwani huruhusu watu wengine wa familia kulitumia gari hilohilo.

Asiyeweza kutumia miguu yote miwili huendesha kwa mkono. Wenzo hufungwa karibu na usukani na kuunganishwa na pedali. Katika mifumo mingi, kuusukuma mbele hufunga breki, na kuuvuta au kuuzungusha huongeza mafuta. Mkono wa pili hushika kitufe kilichofungwa kwenye usukani ili kuuzungusha kwa urahisi. Jambo hili si geni duniani: Rais wa Marekani Franklin D. Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921, aliendesha mwenyewe gari lililofungwa nyenzo za mkono. Ambaye miguu yake hukakamaa ghafla awekewe pia kizuizi mbele ya pedali, ili mguu usikanyage bila kukusudiwa.

Mwenye mkono mmoja hutumia kitufe cha usukani katika gari la otomatiki lenye usukani mwepesi. Hapa izingatiwe kuwa magari mengi yatokayo Japani yana kijiti cha indiketa upande wa kulia wa usukani, na gia ipo kushoto. Asiye na mkono wa kulia atahitaji kijiti cha indiketa kirefushwe au kihamishwe, ili asiachie usukani kila anapotaka kukata kona.

Mwenye kimo kifupi hurefushiwa pedali na kuinuliwa kiti. Kifua chake kibaki umbali wa angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, kwa sababu mfuko wa hewa hufumka kwa nguvu nyingi wakati wa ajali.

Vifaa hivi vifungwe na fundi anayevifahamu, kisha gari likaguliwe. Fimbo iliyofungwa kwa kamba kwenye pedali, au nondo iliyochomelewa gereji, si mbadala. Fimbo huteleza, na nondo inaweza kukwama chini ya breki wakati ule ule inapohitajika.

Wanaofikiria bajaji nao wana la kujifunza. Mafuta, klachi na gia vipo kwenye usukani, lakini breki kuu katika bajaji nyingi hukanyagwa kwa mguu. Aliyepooza miguu asianze kazi kabla breki hiyo haijahamishiwa mkononi. Aidha, leseni ya gari dogo haitoshi kwa bajaji. Ina daraja lake.

Hatua kwa mpangilio

Kwanza, kipimo cha afya. Daktari na mtaalamu wa fiziotherapia hupima nguvu, hisia, mwendo wa viungo, macho na wepesi wa kuitikia jambo la ghafla. Mwenye kifafa, aliyepata kiharusi, au anayetumia dawa za kupunguza mkakamao wa misuli aseme, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huleta usingizi. Kwa tathmini ya kina, rufaa inaweza kutolewa kwenda taasisi kama MOI na CCBRT zilizopo Dar es Salaam, au KCMC iliyopo Moshi.

Pili, chuo. Kabla ya kulipa, mwanafunzi aulize mambo matatu: je, lipo gari la otomatiki, je, mwalimu anaweza kulisimamisha kwa breki ya upande wake, na je, vifaa vinavyohitajika vinaweza kufungwa? Aombe kukaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limezimwa, ajaribu kufikia kila kitu.

Tatu, leseni ya kujifunzia. Mwombaji awe na umri wa angalau miaka 18 na namba ya mlipakodi. Leseni ya kujifunzia ni ya daraja H, na gari hubandikwa alama ya "L".

Nne, mtihani. Askari wa Usalama Barabarani humtahini mwanafunzi, na leseni hutolewa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ni busara mtihani ufanywe kwa gari lenye vifaa vilevile vya mazoezi.

Tano, gari lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, inatoa msamaha wa ushuru kwa gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa matumizi ya mtu mwenye ulemavu. Taratibu na masharti yaulizwe TRA kabla ya kuagiza gari, si baada ya gari kufika bandarini.

Mazoezi yanavyopaswa kuwa

Siku za mwanzo zitumike kwenye uwanja mtupu. Mwanafunzi wa nyenzo za mkono aanze na breki kabla ya mafuta, na arudie kusimama ghafla hadi mkono utende bila kufikiri. Aliyewahi kuendesha kwa miguu kabla ya kuumia huhitaji muda zaidi, kwani mwili hukumbuka njia ya zamani. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husogea takribani mita 14 kila sekunde. Kusita nusu sekunde tu ni mita 7, na mita hizo zinatosha kumkuta mtoto anayevuka.

Baada ya uwanja ije barabara ya lami, kisha ya changarawe, ambapo usukani hutikisika na mkono huchoka upesi. Asiye na hisia miguuni au kiunoni akalie mto unaofaa na ashuke au ajiinue mara kwa mara, ili kuepuka vidonda vya mgandamizo. Pia azoee kuhama kutoka kiti mwendo kuingia garini, na awe na simu yenye chaji pamoja na pembetatu za tahadhari, kwa kuwa tairi likipasuka huenda asiweze kulibadilisha peke yake.

Huduma za Halmashauri

Halmashauri haitoi leseni wala haitahini madereva. Hata hivyo, mkazi anayetaka kuanza safari hii asianze peke yake. Afika ofisi ya Mtendaji wa Kata aelekezwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye humsaidia kupata barua na rufaa ya hospitali, na kumuunganisha na Kamati ya Watu wenye Ulemavu. Kwa wanaokusudia kuufanya udereva kuwa kazi, Afisa Maendeleo ya Jamii ataeleza masharti ya mikopo isiyo na riba inayotokana na mapato ya ndani, ambamo asilimia 2 imetengwa kwa watu wenye ulemavu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini asiye na mguu wa kushoto anaweza kuendesha gari la otomatiki bila marekebisho?
2. Ni mambo gani matatu ya kuuliza chuoni kabla ya kulipa ada?
3. Kwa nini nondo iliyochomelewa kwenye pedali ni hatari?
4. Katika kata yako, ni nani anayehitaji kusomewa somo hili leo?