Kuchagua na Kufungasa Boti ya Matembezi

Wananchi na watumishi wa Serikali wenye azma ya kununua boti ndogo za matembezi wanakumbushwa kwamba uzuri wa rangi si dalili ya uzima wa chombo.

Kwanza, mnunuzi afunue sakafu na kutazama ngama. Achome mbao na mataruma kwa ncha ya kisu. Kikizama kwa wepesi, mti umeoza. Kisha chombo kilale majini usiku mmoja, na asubuhi ngama itasema kweli.

Pili ni kufungasa, yaani kuvuta chombo kwa kamba nyuma ya chombo kingine. Kamba ya nailoni hufaa, kwani hunyumbuka na kupunguza mshtuko. Ifungwe kwenye mti imara wa omo, si kwenye pete iliyokazwa juu ya ubao mwembamba. Urefu wake upimwe ili vyombo viwili vipande na kushuka mawimbi kwa pamoja. Mizigo isogezwe tezi, omo inyanyuke, na mwendo uwe wa taratibu.

Tatu, asikae mtu katika boti inayovutwa. Ikijaa maji huweza kuididimiza tezi ya chombo cha mbele. Hivyo kisu kikali kiwe karibu, na kamba ikatwe bila kusita.

Anayenunua Unguja na kupeleka Pemba asifungase Kusi linapovuma kwa nguvu. Mkondo wa Nungwi ndiko ilikozama MV Spice Islander I, tarehe 10 Septemba 2011.

Boti hununuliwa tena, roho hainunuliwi.