Ua la Utah, Gugu la Nyakitonto: Mafunzo Niliyopata

Rafiki yangu aliondoka kambi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, akahamishiwa Utah, Marekani. Alfajiri moja, saa kumi na moja na nusu, simu ikalia: picha ya ua jeupe lililokaa juu ya changarawe kama leso iliyomdondoka mtu. Kwake jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama. Nikamuuliza nani kalipanda. Hakuna.

1. Kimo si uhai. Ua hilo ni *Oenothera caespitosa*. Shina halionekani, majani yamelala chini kwa duara, na mzizi mnene umezama ardhini. Huishi miaka kadhaa jangwani, mvua inyeshe au igome.

2. Ukichelewa, usiseme hakuna. Hufunguka jioni, petali nne zenye umbo la moyo. Nondo wakubwa wenye mrija mrefu mdomoni huja kunywa asali yake gizani. Kesho jua likipanda, ua limeshasinyaa na kuwa la waridi.

3. Undugu haukai usoni. Nilipouliza ukoo wake, nikaambiwa Onagraceae, na kwamba ndugu yake namng'oa kila msimu! Ni *Ludwigia*, lile gugu la maua ya njano linalotambaa majini kwenye bonde letu la mpunga hapa Nyakitonto. Lina petali tano, na mizizi yake mingine ni myeupe, laini kama sponji, inaelea. Mmoja wa jangwani, mwingine wa majini. Lakini shika ua lolote kati ya hayo, utazame chini ya petali: pale unapodhani ni kikonyo tu, ndipo kilipo kifuko cha mbegu.

4. Kukata si kumaliza. Mwaka mmoja nililikatakata gugu hilo kwa jembe, vipande nikaviacha majini, nikarudi nyumbani nimeridhika. Baada ya wiki chache kila kifundo kilikuwa kimetoa mizizi. Mama akasimama kwenye tuta, akaniuliza, "Mwanangu, ulipalilia au ulipanda?" Sasa nang'oa kwa mkono na kuanika vipande juani, mbali na maji.

5. Jioni ya mwenzio ni asubuhi yako. Rafiki yangu akiandika kwamba ua lake limefunguka, natoka nyumbani. Nikifika bondeni jua limechomoza, na yale ya njano nayo yanafunguka. Kabla sijaanza kung'oa, nampigia picha moja.